Kioo Kikilowa, Kila Doa Limetoka

Juzi nilikuwa napita Nyali, hapa Mombasa, nikamwona kijana juu ya ngazi, anasugua dirisha kwa dawa ya choo. Jua la saa saba, kioo chachoma, dawa inakauka kabla mkono haujarudi. Nikamuuliza, vipi? Akanijibu meno yote nje: "Ami, limetoka lote!" Nikamwambia tusubiri kikauke. Tukasubiri. Haikufika dakika tatu, madoa yakarudi pale pale, na kando yake michirizi mipya ya dawa. Nimeandika haya usiku huo huo, kwa sababu nimechoka kuwaona nyinyi vijana wa kuosha vioo mkilipia makosa ambayo mimi nilishayalipia.

1. Kioo kikilowa, kila doa limetoka. Maji huingia kwenye vishimo, hufunika chokaa, kioo kikaonekana kipya. Usiitishe pesa, usipige picha ya kumtumia mteja, mpaka kikauke na ukitazame kwa ubavu jua likiwa pembeni.

2. Jueni ni chumvi ipi. Sisi hapa kila kitu cheupe kwenye dirisha twakiita chumvi. Ile inayoletwa na upepo wa bahari ni chumvi kweli, hutoka kwa maji matupu na sabuni kidogo. Ukiipakia asidi unajitafutia balaa bure. Ya kisima ndiyo kazi. Maji ya mfereji, ya chemchemi za Mzima na ya visima vya Baricho, huja kwa zamu, kwa hivyo kila mwenye bustani amechimba kisima, na mji wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji yakipita humo hutoka na chokaa. Kirusha maji cha bustani kikilenga dirisha kila jioni, maji hukauka, chokaa hubaki. Hiyo hutoka kwa siki au asidi laini, ikiwa mpya. Ikikaa miaka, au kioo kikichuruzikiwa na maji ya saruji mbichi kutoka ghorofa ya juu, kioo chenyewe huliwa. Hapo hakuna doa la kutoa. Kuna kioo kilichopungua, na dawa yake ni kupolishi au kubadilisha. Ukipitisha ukucha ukahisi kimeinuka, ni uchafu. Ukihisi laini na bado waona ukungu, weka chupa chini, zungumza na mteja.

3. Jaribu kwenye kona kwanza. Kona ya chini, ukubwa wa kiganja. Hii nitaieleza kwa urefu, mtaniwia radhi.

Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye kazi, najiona fundi. Nikapata nyumba inayotazama bahari, vioo vikubwa vya riflektivu, vile vya kung'ara kama miwani ya askari wa trafiki. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, shungi begani, kila baada ya saa analeta chai na mahamri. Madoa ya kisima yamejipanga kama magamba ya samaki. Nilikuwa na dawa ya kuoshea rimu za magari, nimeinunua kwenye dumu halina hata lebo, aliyeniuzia akasema "hii ni kiboko." Nikavaa glavu moja. Moja, wallahi, ya pili ilikuwa imetoboka. Nikapaka, nikasugua kwa stilwulu, nikamwagia maji. Kioo kikaangaza! Niliimba. Nilimaliza vioo sita kabla ya adhuhuri, nikajiona nimewapita mafundi wote wa pwani.

Saa kumi jua likazunguka. Nilikuwa nafunga ngazi nikamsikia mama nyuma yangu: "Mwanangu, mbona madirisha yangu yamekuwa na mabara?" Nikageuka. Ile ngozi ya kung'ara iliyopakwa juu ya kioo ilikuwa imeliwa vipande vipande, huku fedha, huku uwazi, kama ramani ya dunia. Afrika ilikuwa pale, nusura nimwonyeshe. Na palipobaki ngozi, stilwulu imechora mikwaruzo ya duara, alama ya mkono wangu mwenyewe. Mama hakupaza sauti. Akasema, "Kunywa chai yako kwanza, halafu tuongee." Ingekuwa nafuu kama angenitukana. Chai ile ilinipita kooni kama mchanga.

Vioo sita nilivilipa kwa miezi 11, kila mwisho wa mwezi napeleka bahasha, kila mara napewa chai. Na dumu lile, baadaye nikaelewa, harufu yake na kazi yake ilikuwa ya asidi ya haidrofloriki, ambayo hula kioo chenyewe. Ikikugusa mwilini yaweza isiume hapo hapo. Uchungu huja baada ya saa kadhaa, na hupenya mpaka kwenye mfupa. Mimi na glavu yangu moja! Dawa isiyo na lebo haipandi ngazi yangu tena. Ikikumwagikia, maji mengi, halafu hospitali hapo hapo, na umwambie daktari jina lake.

Na ningejuaje ngozi iko upande gani? Ncha ya kalamu. Iguse kioo, tazama kivuli chake ndani ya kioo. Ncha na kivuli vikigusana, ngozi iko upande wako: hakuna asidi, hakuna stilwulu, hakuna kupolishi. Vikiachana, kuna unene wa kioo katikati. Sekunde tano. Miezi 11.

4. Asidi na Jik hazikai ndoo moja. Gesi yake huua.

5. Wembe ni kwenye kioo kilicholowa tu, unasukuma, hurudishi nyuma.

6. Kupolishi. Unga wa seriamu, ule wa kung'arishia vioo, uwe kama uji mwepesi, mashine mwendo wa polepole, usikae mahali pamoja. Gusa kwa mgongo wa mkono. Kikiwa moto, acha, kioo hupasuka kwa joto bila kukupa salamu. Na ukichimba sehemu moja kwa hamu ya kuondoa doa moja, utaacha bonde: mteja akikaa sebuleni, mnazi ulionyooka nje utapinda kiuno. Sema tangu mwanzo kwamba kioo kilicholiwa hakirudi kuwa cha dukani, na akubali kwa maandishi. Fremu za alumini na marumaru ya chini ya dirisha zifunikwe, asidi huzipenda.

7. Suuza kwa maji yasiyo na chokaa. Wengine mwasuuza kwa kisima kile kile kilichoharibu kioo! Kinga maji ya mvua, au weka ndoo chini ya bomba la AC, Mombasa hazikosekani. Na kabla hujaondoka, geuza kirusha maji. Mwenye bustani atakununia, mpe chai.

Kimoja cha vile vioo sita nilikiomba, kiko nyuma ya stoo yangu. Kila kijana mpya humpa kalamu, namwambia aende akakitazame. Wa juzi, yule wa ngazi, alikwenda, akakaa, akarudi na kitambaa mkononi:

"Ami, mbona kichafu hivi? Nikuoshee?"