Bamba la "kifaru" kutoka skrepa: utalijuaje?

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mie nipo Chake Chake, natengeneza mashine za tofali. Nimenunua bamba la chuma kwa muuza skrepa wa Dar, unene kama milimita 40, kaniambia ni la kifaru cha vita vya Kagera na bei kaipandisha kwa sababu hiyo. Nataka kulikata niweke ndani ya kalibu pale mchanga unapokula chuma. Nimejaribu kutoboa pembeni, biti ya drili inateleza tu mpaka inaungua. Je hiyo si dalili tosha kuwa ni la kifaru? Na nikilichomelea litakubali?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Nianze na hiyo drili. Umetoboa pembeni, na pembeni ndo alipopita yule aliyekata kwa gesi, sasa chuma chenye kaboni ya kutosha kikishapigwa moto mpaka kikawa chekundu halafu lile bamba zima la baridi likafyonza joto kwa haraka, ukingo unakuwa mgumu wenyewe hata kama chuma chote kilobaki ni cha kawaida kabisa. Kwa hiyo pale hujapima bamba, umepima kazi ya gesi. Ingia ndani kama sentimita 10, ondoa kutu kwa grenda taratibu bila kukibadilisha rangi, upime hapo.

Unene nao upime kwa venia, ile rula ya taya, penye chuma cheupe, si juu ya kutu. Vita vile vya 1978 na 1979 Tanzania ilikuwa na vifaru vya Type 59 vya Kichina, Uganda ikiwa na T-55 za Kirusi na Sherman za Kimarekani. Type 59 na T-55 ni ukoo mmoja, ubavu wa bodi unakaribia milimita 80 na mbele kama 100, mnara wake, kile kichwa cha juu kinachozunguka, ni wa kumimina, juu umeparuza kama mawe. Kwa hiyo 40 si ubavu wala uso wa hizo. Sherman ubavuni ni inchi moja na nusu, yaani 38, lakini bamba la inchi moja na nusu liliuzwa pia kwa meli na mitambo, na 40 kamili unaipata dukani leo hii. Hata kipimo kikikubali basi hakijathibitisha kitu, kikikataa ndo kinakusaidia.

Kipimo ninachokiamini kwa karakana isiyo na mashine ni cha gololi. Tafuta gololi nzima ya beringi, milimita 10 hivi, na kipande cha chuma laini cha kawaida unachokijua. Sugua sehemu zote mbili zing'are, weka gololi katikati ya kile kipande na bamba lako, kisha ubane kwa jeki ya hadiroliki mpaka ziingie alama pande zote mbili. Vaa miwani na funika kwa gunia zito, gololi ikipasuka inaruka kama risasi. Sasa pima upana wa kila alama. Nguvu iliyosukuma ni ile ile pande zote, kwa hiyo alama ndogo ndo chuma kigumu, na hesabu yake ni kugawa upana wa alama kubwa kwa ile ndogo, jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha uzidishe na ugumu wa kile chuma laini, ambao ni kama 120 kwa kipimo cha Brinell. Mfano, chuma laini kimetoa 4 na bamba limetoa 2.5: 4 kwa 2.5 ni 1.6, mara 1.6 ni 2.56, mara 120 unapata kama 307. Rudia sehemu tatu nne za bamba.

Ukipata 120 mpaka 160 hilo ni bamba la kawaida, karudishiwe tofauti ya pesa zako. Ukipata 250 mpaka 350 hapo ndo mabamba mengi ya vifaru yanapokaa. Kwenye 400 inaweza kuwa T-34 ya Kirusi, wao walipenda chuma kigumu zaidi, lakini kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ni bamba gumu lisiloliwa haraka, la bodi ya dampa au koleo la mashine ya kokoto, nayo yanauzwa skrepa kila siku, na kwa kalibu ya tofali hilo ndo bora kabisa.

Sumaku inakusaidia kukitambua chuma cha manganizi nyingi tu, maana kile hakishiki sumaku. Cheche za grenda watu wanaziamini mno, lakini chuma cha kifaru kina kaboni kama asilimia 0.3, cheche zake hazitofautiani sana na za chuma laini. Zikichanua matawi mengi mengi kama za springi ya gari, basi jua hilo si la kifaru.

Kuchomelea. Likitoka gumu mie ningelifunga kwa bolti za kichwa cha kuzama, toboa kwa biti ya kobalti, mwendo mdogo na mafuta mengi, na ule ukingo wa gesi usage kwanza. Kama lazima uchomelee, usilichomelee likiwa baridi hata siku moja, lipashe mpaka nyuzi 150 za Selsiasi, usipite 200, tumia vijiti vya kuchomelea vya 7018 vilivyokaushwa kwenye oveni, maana hewa yetu ya visiwani ina unyevu na ule unyevu unaingiza haidrojeni ndani ya chuma inayokuja kukipasua baadae. Ukimaliza lifukie kwenye jivu kavu lipoe polepole, na usilikague siku ile ile tu, mipasuko inaweza kutokea mpaka siku mbili baada ya kazi.

Rangi ya zamani iondoe kabla ya moto, mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na kama kwenye mzigo huo kuna kitu chochote kinachofanana na kombora, hata kikiwa na kutu namna gani, usikiguse, waite polisi.

Pima kwa gololi halafu niandikie upana wa alama zote mbili, na picha ya namba yoyote iliyogongwa kwenye bamba.