Pumzi ya ng'ombe inaeleza nini kuhusu chakula chake?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mwanangu anasomea mifugo Wageningen, Uholanzi. Ametutumia picha ya ng'ombe aliyefungiwa kwenye chumba cha vioo, anasema wanampima pumzi wajue chakula kinavyotumika mwilini, na kwamba hata wagonjwa mahututi hupimwa hivyo. Mimi nafuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani hapa Marangu. Mmoja ana wiki tatu tangu azae. Anakonda, maziwa yameshuka, pumba anasusa ila majani anakula. Kipimo hicho kingenisaidia?

JIBU: Mama, hongera kwa kijana. Nianze na chumba chake, kisha nije bandani kwako, maana huko ndiko kwenye haraka.

Chakula huungua mwilini kama kuni jikoni, ila bila ndimi za moto. Oksijeni inaingia, kabonidayoksaidi na joto vinatoka. Wanasayansi Wafaransa Lavoisier na Laplace waliliona hilo Paris katika baridi ya 1782 na 1783: walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka. Leo hatuhitaji barafu, tunapima hewa. Mtu mzima aliyetulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika na kutoa kama 200 za kabonidayoksaidi. Ukiziingiza kwenye kanuni ya Weir ya 1949, inayogeuza gesi hizo kuwa hesabu ya nishati, unapata takriban kilokalori 1,740 kwa siku. Ukigawa 200 kwa 250 unapata 0.8, na namba hiyo nayo ina habari: anayeunguza wanga mtupu hukaribia 1, anayeunguza mafuta hushuka hadi 0.7.

Hospitalini kipimo hiki kina kazi kubwa zaidi kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Homa kali au majeraha ya moto hubadilisha mahitaji yake kiasi kwamba kukadiria kwa uzito na umri kunaweza kukosea vibaya. Na kumlisha kupita kiasi si wema: kabonidayoksaidi inaongezeka, mapafu yanalemewa, kumtoa kwenye mashine kunachelewa. Ila mpira wa kupumulia ukivuja, au oksijeni anayopewa ikizidi asilimia 60, majibu hayaaminiki.

Kwa ng'ombe mambo yana utata wake. Vijidudu vya tumbo la kwanza hutengeneza gesi zao wenyewe, naye huzitoa kwa kupiga mbweu. Methani peke yake inaweza kuondoka na asilimia 2 hadi 12 ya nishati yote iliyokuwa kwenye chakula. Ndiyo maana kanuni ya Brouwer ya 1965, tunayoitumia kwa wanyama, hupunguza methani na naitrojeni ya mkojo katika hesabu. Mnyama hukaa chumbani siku kadhaa, kila anachokula kinapimwa, kinyesi na mkojo vinapimwa. Hata Nairobi hapo, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wana vyumba vya namna hiyo. Lakini havikujengwa kwa ajili ya kutibu ng'ombe mmoja wa Marangu. Kazi yake ni kutoa takwimu zinazoingia kwenye majedwali ya vyakula, yale ambayo mtu kama mimi huyafungua kukwambia uchanganye mashudu ya alizeti kiasi gani na pumba kiasi gani.

Sasa ng'ombe wako. Wiki tatu baada ya kuzaa, maziwa yanadai nishati kuliko anayokula, kwa hiyo anayeyusha mafuta yake mwenyewe. Yakiyeyuka kwa kasi, ini linamwaga kwenye damu ketoni, yaani kemikali zitokanazo na mafuta hayo. Kususa pumba huku akiendelea na majani ni dalili ninayoijua vizuri. Msogelee, unuse pumzi yake: ketoni zikizidi hunukia kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Usiposikia kitu usijipe moyo, pua nyingi haziisikii.

Kipimo chake ni tone la damu kutoka mshipa wa mkia, kwa kifaa cha mkononi kama cha wenye kisukari. Angalia tu ukanda uwe wa ketoni. Mfugaji mmoja aliniletea kipimo cha babu yake cha sukari akashangaa nikimrudisha. Ikisoma milimoli 1.2 kwa lita au zaidi, ana tatizo hata kama bado anasimama na kucheua. Mwite daktari wa mifugo wa kata leo hii. Akithibitisha, kwa kawaida atamnywesha propailini glaikoli, kimiminika ambacho mwili hukigeuza kuwa sukari, kwa siku kadhaa, na ataangalia pia kama kondo lilibaki au tumbo limejipinda, maana hayo nayo husababisha kususa.

Na kama unamlisha migomba, uipunguze. Shina la mgomba zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Linajaza tumbo, halijazi ndoo. Mpe majani ya tembo machanga na lukina, ule mti wa malisho, kwanza, pumba umrudishie kidogo kidogo anapoanza kuzitamani.