Likes kibao, wateja hakuna

SWALI: Dada, nauza vitenge Kilombero hapa Arusha, Instagram naposti kila siku, chini naandika "bei njoo inbox", ila naambulia likes tu. Nakosea wapi? – Mama Vitenge

JIBU: Pole mama. Kwanza hiyo "bei njoo inbox" futa kabisa jamani, inakera, mtu anataka kujua pea ni shingapi na unatuma Moshi au hutumi, asipoona anapita zake. Kitenge kilichokunjwa kwenye meza hakisemi kitu, mvalishe binti yako mtoke nje asubuhi jua halijawa kali, rekodi rili (video fupi ya Instagram) akigeuka, maana rili inawafikia hata wasiokufolo wakati stori inapotea baada ya masaa 24. Linki ya WhatsApp weka kwenye bayo, yale maelezo ya juu kwenye ukurasa wako, kwenye kapsheni (maneno ya chini ya posti) haibonyezeki.