Usianze na kisanduku: yaliyonikuta nilipopeleka masomo ya kidijitali kwenye shule isiyo na mtandao

Mkuu, umeuliza ununue kifaa gani, na kadi ya memori ya ukubwa gani. Shule iko kijijini, vishikwambi 20 vya msaada vimeshafika, mtandao unakuja siku mbili kwa wiki kisha unapotea, na unataka wanafunzi wasome bila kutegemea bando. Swali la kifaa nitalijibu, ila huko chini. Mimi nilianza na hilohilo na muhula mzima ukaniponyoka.

Safari ya kwanza nilinunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja inayoweza kurusha Wi-Fi yake (ndicho kisanduku chenyewe), nikaitia kadi ya memori kubwa kuliko zote nilizoziona dukani, halafu nikapakua kila kilichopakulika: Wikipedia nzima ya Kiingereza kupitia Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, video za Khan Academy, majaribio ya sayansi ya PhET, hadithi, kamusi. Hiyo Wikipedia peke yake, ikiwa na picha zake, inazunguka kwenye GB 100. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, GB 100 ni zaidi ya siku nne, usiku na mchana, bila kukatika. Wangu ulikatika. Nilipofika shuleni nilijiona nimebeba maktaba ya chuo kikuu mfukoni, na walimu wakapiga makofi. Wiki sita baadaye nikarudi. Kisanduku kilikuwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, kimefunikwa kitambaa kisipate vumbi, na ufunguo anao yeye.

Nilikasirika, kisha nikaona ana hoja. Kifaa kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari la mali kwa jina lake. Kikipotea, analipa yeye. Nani angekiacha darasani?

Lakini kabati halikuwa tatizo lote. Mwalimu wa fizikia alinikalisha chini akaniuliza, "Jumatatu nafundisha mada ya mwanga. Humu naanzia wapi?" Nikaandika neno, zikatoka kurasa mamia. Akaangalia saa. Kipindi chake ni dakika 40, na kati ya hizo kumi zinaisha kuwatuliza watoto na kugawa vifaa. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimempelekea kazi ya ziada nikaiita msaada.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujanunua hata waya, omba azimio la kazi la walimu wawili. Wawili tu, na wawe wale wenye hamu. Kaa nao, wiki kwa wiki, mtafute kitu kimoja au viwili kwa kila mada. Sisi tulianza na fizikia na biolojia, tukaishia na vitu 43 kwa muhula mzima. Kutoka mamia ya GB hadi vitu 43, na ndipo kisanduku kilipoanza kutumika.

Programu iliyotufaa kwa hili ni Kolibri, ya Learning Equality, walewale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili video za Khan Academy zitazamwe bila intaneti. Nzuri yake ni kwamba hulazimiki kuchukua mkusanyiko mzima. Unachagua vipande unavyotaka. Mwalimu anavipanga kuwa somo, anaweka maswali, kisha anaona nani kajibu na nani kakwama wapi. Menyu zake zina Kiswahili pia, ingawa mengi ya yaliyomo bado ni Kiingereza.

Kuhusu yaliyomo, nitasema wazi ninachoamini: kwa shule isiyo na maabara, jaribio moja la PhET linashinda video kumi. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini, anakosea, anaona waya zinawaka moto, anarudia, na hakuna kilichoungua. Chukua yale ya HTML5, yanayofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, maana ya zamani ya Java na Flash hayafunguki kwenye vishikwambi. Video nazo zilikuwa na kasoro ambayo sikuitarajia. Msemaji anakwenda mbio, lafudhi ni ngeni, na watoto wa nyuma wanatazama midomo tu. Waliofaidika nazo zaidi ni walimu. Wanazitazama jioni, kesho yake wanaieleza mada ubaoni kwa maneno yao. Hakuna anayeliandika hili kwenye ripoti za wafadhili, lakini kwangu ndiyo faida kubwa niliyoiona.

Ukitaka ensaiklopidia, usibebe Wikipedia nzima. Ipo Wikipedia for Schools, makala kama 6,000 zilizochaguliwa kwa ajili ya wanafunzi na shirika la SOS Children. Toleo lake la mwisho ni la 2013, kwa hiyo siasa zake zimepitwa, ila usanisinuru ni uleule. Wikipedia ya Kiswahili nayo ni ndogo, inaingia kwenye flashi ya kawaida.

Sasa kifaa. Raspberry Pi inafaa, lakini usitegemee Wi-Fi yake ya ndani kwa vishikwambi 20. Kwetu ilianza kusuasua kabla hata hatujafika nusu ya darasa. Nunua ruta ya kawaida, iunganishe kwa waya. Haihitaji kuwa na intaneti. Kama una laptopu iliyotumika yenye betri nzima, mimi ningeichukua hiyo badala ya Pi, kwa sababu umeme ukikatika haizimiki ghafla. Pi ikizimika katikati ya kuandika, kadi ya memori inaweza kuharibika, na hilo lilinipata mara mbili. Tangu hapo kila kisanduku changu kina kadi ya pili, nakala kamili, imebandikwa kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko. Mtu yeyote anaweza kuibadilisha bila kunipigia simu.

Jambo dogo litakalokusumbua: Pi 4 na za kabla yake hazitunzi saa zikizimwa. Mwalimu alifungua ripoti akakuta watoto wamefanya zoezi mwezi ambao shule ilikuwa imefungwa, tukacheka, kisha tukanunua kisaa kidogo chenye betri cha kuchomeka. Lingine: kishikwambi au simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inaleta onyo, na yenye laini inajirudisha kwenye data ya simu. Mtoto anadhani kisanduku kimekufa. Wafundishe kubonyeza kwamba wabaki kwenye mtandao huo, au wazime data. Na flashi ya kuhamishia mafaili, ukiifomati, chagua exFAT. Iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Umeme ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Pi na ruta kwa pamoja hula kama wati 10. Saa sita ni wati-saa 60, kitu ambacho paneli ndogo na betri ya kiasi vinamudu, mradi ukumbuke kuwa betri ya risasi (lead-acid, kama ya gari) hutakiwi kuinyonya zaidi ya nusu. Walaji wakubwa wa umeme ni vishikwambi. Kimoja chenye betri ya mAh 5,000 kinameza wati-saa kama 18 kujaa, na ishirini vinafika karibu 370. Mara sita ya kisanduku! Sisi tulitumia saba kwa siku, watoto wanne au watano kwa kimoja, vingine vikipumzika kwa zamu. Nilidhani watagombania. Kumbe walibishana kuhusu jibu, jambo ambalo mtoto mwenye kishikwambi chake peke yake halifanyi.

Suala la kabati tulilimaliza kwa karatasi. Bodi ya shule ilisaini barua kwamba kifaa ni mali ya shule na hasara haimwangukii mtu mmoja, tukaweka daftari la kuchukua na kurudisha, na wanafunzi wawili wakapewa uangalizi. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyetoa ufunguo wa pili.

Siku mtandao unapokuja, usizitumie kupakua vitu vikubwa shuleni. Pakua mjini, hakiki faili kwa namba yake ya ukaguzi (checksum, inayoonyesha kama limefika zima), peleka kwa flashi mwanzo wa muhula.

Na kadi uliyoulizia: GB 64 inakutosha kuanzia. Kadi yangu ya sasa iko nusu tupu na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mwalimu wa historia, ambaye kila nikifika ananiuliza zamu yake lini.