Msipime reli saa sita mchana

Wanangu mnaoanza kazi ya njia hapa Mombasa, nawaeleza kosa langu la kwanza. Madereva walilalamika kwamba kichwa cha treni kinateleza kwenye mlima wa Mazeras. Nikaenda na tribometa, kipimo cha msuguano wa reli, kile kigari cha kusukuma kwa mkono chenye gurudumu dogo linalokazwa breki mpaka liteleze. Jua la utosi, kikasoma 0.5 (namba ikishuka, reli inateleza zaidi). Nikaandika "reli safi", nikarudi kunywa chai. Alfajiri iliyofuata treni ya mizigo ikakwama palepale.

Nilipima reli ya mchana, na shida ilikuwa ya alfajiri. Gurudumu hugusa reli mahali padogo kama sarafu. Umande ukichanganyika na kutu (na huku kwetu hewa ya chumvi haichelewi kuleta kutu) hugeuka uji mwembamba unaoteleza kuliko hata mvua kubwa, kwa kuwa mvua kubwa huosha. Reli kavu husoma kati ya 0.4 na 0.6, yenye mafuta hushuka chini ya 0.1. Basi nendeni saa ile ile dereva anayolalamikia, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri na mbu wanauma.

Tena msidhani msuguano mwingi ndio uzuri. Mgongo wa reli, yaani juu gurudumu linapokanyaga, tunautaka 0.3 hadi 0.4. Kwenye kona, ubavu wa ndani unaosuguliwa na ukingo wa gurudumu uwe chini ya 0.25, la sivyo chuma kinaliwa pande zote mbili. Ndiyo maana tunapaka grisi pale. Ila vijana mna mkono mzito! Grisi ikipanda mgongoni, dereva akifunga breki gurudumu huganda, huburutwa, hupata ubapa, na behewa litagonga ko-ko-ko njia nzima.

Mchanga unaomwagwa na kichwa mbele ya magurudumu husaidia kupanda mlima, lakini uwe mkavu na uliochekechwa. Unyevu wa pwani huugandisha ndani ya bomba. Mchanga ukizidi, unaweza kutenga gurudumu na reli hata saketi ya njia, ule umeme mdogo wa relini unaoonyesha treni ilipo, isijue kuwa treni ipo.

Kabla ya kusukuma kigari, futeni reli kidogo kwa kitambaa cheupe, pembeni ya mahali mtakapopima. Rangi ya hudhurungi ni kutu, nyeusi inayonata ni grisi. Kisha andikeni saa, hali ya hewa, na ni reli ya kushoto au ya kulia. Mimi sikuandika hata kimoja.