RAM nimebadilisha mara mbili, bado inaganda

SWALI: Fundi, hujambo? Nina karakana ya kudarizi beji za sare za shule hapa Kariobangi. Mashine yetu inaendeshwa na kompyuta kuukuu ya Pentium yenye Windows 98. Siku hizi inaganda katikati ya beji, au inajizima na kujiwasha yenyewe. Nimebadilisha RAM mara mbili, nikaweka Windows upya, wapi! Niitupe?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Usiitupe, na RAM ya tatu usinunue. Kompyuta nyingi za rika hilo zina kache, yaani kumbukumbu ndogo yenye kasi kuliko RAM, iliyokaa kwenye ubao mama, nje ya prosesa, kwa kawaida kilobaiti 256 au 512. Prosesa ikitaka data huchungulia humo kwanza, ndipo iende kwenye RAM. Chipu ya kache ikigeuza hata biti moja, prosesa hulishwa uongo na RAM hubeba lawama. Hata programu ya kupima RAM hudanganyika: inaonyesha kosa, unabadilisha RAM, kosa liko palepale.

Kuhakikisha hakukugharimu hata shilingi. Kompyuta ikiwaka tu, bonyeza Delete uingie kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijaanza, tafuta External Cache, iweke Disabled, kisha hifadhi utoke. Internal Cache usiiguse. Hiyo ni ya prosesa yenyewe, na ukiizima utangoja mpaka usinzie. Halafu darizi siku nzima. Ikienda polepole bila kuganda, umemshika mwizi. Ikiganda bado, tazama kapasita (vile vijikopo vidogo vya ubao mama) zilizovimba, pawa saplai na feni. Kwa karakana ya nyuzi, mimi ningeanza na feni: nimewahi kutoa humo manyoya ya kujaza mto.

Ikiwa ni kache, fungua kasha. Kwenye baadhi ya bodi ni kadi ndogo iliyochomekwa, inayofanana na RAM. Chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha, ing'oe, sugua meno yake kwa raba ya penseli, uipanguse na kuirudisha ikae sawasawa. Joto na baridi za miaka mingi huilegeza. Ukiwasha kache tena na ugonjwa ukarudi, kadi imekufa, na hata kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, utaipata kwa bahati tu. Kama chipu zimechomelewa kwenye ubao, sikushauri uhangaike nazo. Iache kache imezimwa. Sindano yako ndiyo inayochelewesha beji, si prosesa.

Wenye kompyuta za kisasa msiende kutafuta chipu hizi. Kuanzia Pentium Pro ya 1995 na Pentium II ya 1997, Intel ilianza kuihamisha kache kutoka kwenye ubao mama, na leo imo ndani ya prosesa. Ikiharibika, ni prosesa ya kubadilishwa.

Jambo jingine, ndugu yangu: ile Windows uliyoiweka kache ikiwa mbovu huenda iliingia na makosa. Zima kache kwanza, ndipo unakili faili za beji kwenye diski nyingine, uzifungue chache uone kama mishono imekaa, halafu uweke Windows upya.