Baba ana presha ya macho na anataka kuacha matone: haya ndiyo niliyojifunza kwa mama

Mkuu, pole kwa kumuuguza mzee. Umesema kaandikiwa timololi asubuhi na jioni, latanoprosti usiku, na sasa anataka kuziacha zote mbili kwa sababu zinamwasha na haoni nafuu. Mama yangu, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, anatumia hizo hizo kwa miaka sasa na mimi ndiye ninayemwekea. Nakujibu kwa urefu maana hapo alipofika mzee ndipo watu wengi wanapopofukia.

Mwambie waziwazi kwamba dawa hizi hazirudishi uoni uliokwisha kupotea. Presha ya jicho huua taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukifa haufufuki. Kazi ya matone ni kushusha presha ili uoni uliobaki usipotee. Wazee wetu wamezoea dawa ya malaria: unameza, siku ya tatu umesimama. Hii haiko hivyo. Akiitumia vizuri mwaka mzima ataona vilevile alivyokuwa anaona, na hapo dawa imefanya kazi yake. Mama alitulia daktari alipomwonyesha namba za presha kabla ya dawa na baada ya dawa. Kwa kawaida presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21. Nanyi ombeni namba zenu, ziandikwe kwenye daftari la kliniki.

Sasa jambo ambalo huwa halisemwi vya kutosha kwenye dirisha la dawa: dawa ya jicho haiishii jichoni. Pembeni mwa jicho, upande wa pua, kuna kitundu cha kupitishia machozi kinachoshuka hadi puani na kooni. Ndiyo maana mtu huhisi uchungu mdomoni baada ya tone. Huko dawa inaingia kwenye damu, na timololi ikiingia kwenye damu hupunguza mapigo ya moyo na kubana njia za hewa. Mjomba wangu wa Sengerema (naye ana presha ya macho, ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo) ana pumu tangu utotoni. Mahali alipoandikiwa timololi hakuna aliyemuuliza kuhusu kifua. Usiku akaanza kukoroma kifua na kukosa pumzi, nyumbani wakadhani ni baridi ya ziwa. Daktari mwingine ndiye aliyeiona chupa, akamsimamishia timololi na kumbadilishia dawa. Kwa hiyo mwenye pumu, moyo unaodunda polepole au ugonjwa wa moyo lazima aseme kabla ya tone la kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari naye aseme, maana timololi inaweza kuficha dalili za sukari kushuka.

Namna ya kuweka ni hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Mzee aegemeze kichwa nyuma au alale chali, vuta kope ya chini kidogo iwe kama kimfuko, dondosha tone moja. Moja tu. Jicho halibebi hata tone zima, la pili linamwagikia shavuni na chupa inaisha kabla ya mwezi. Mdomo wa chupa usiguse kope wala kidole. Kisha afumbe macho taratibu, asipepese, umbonyeze kwa kidole ile kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Huko kubonyeza ndiko kunakofunga njia ya kwenda kooni, dawa ikabaki jichoni. Kama kuna tone jingine muda huohuo, subiri dakika 5, la sivyo la pili linaliosha la kwanza.

Kwetu timololi ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, latanoprosti ni baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Chupa zinafanana, na mama haoni maandishi, kwa hiyo ile ya usiku nimeizungushia uzi mwekundu. Akisahau, aweke anapokumbuka. Kama muda wa tone linalofuata umekaribia, aliruke lililopita, asiweke mawili kufidia. Siku ya kliniki anaweka kama kawaida, na chupa anakwenda nazo.

Latanoprosti ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Ikishafunguliwa iwekwe penye ubaridi na kivuli, siyo kibandani chini ya bati. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Nyingi hutupwa baada ya wiki 4, nyingine 6, kikaratasi cha ndani kinasema.

Kuwasha kidogo na wekundu ni kawaida, kope pia zinaweza kurefuka kwa latanoprosti. Ukizidi, daktari anayo dawa nyingine ya kumbadilishia. Ninachokuomba sana, asikimbilie duka la dawa kununua matone ya macho mekundu. Mengine yana deksamethasoni, ambayo yenyewe hupandisha presha ya jicho. Maziwa ya mama na maji ya majani navyo visiguse jicho hilo. Na siku jicho likimuuma ghafla kwa ukali, likawa jekundu, akatapika au akaona duara za rangi kwenye taa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Wewe na ndugu zako nanyi kapimeni, hata kama mnaona vizuri. Mkija Mwanza, hospitali za Bugando na Sekou Toure zote zina kliniki ya macho.

Hujasema kama mzee ana pumu au shida ya moyo. Kama anayo na daktari hajui, usisubiri nikujibu tena hapa, mpigie kabla ya tone la jioni.